Gari yetu inang'aa juu, chini inaliwa na kutu

 Juma hili niliahidi kuandika namna ya kusoma buletini ya mtoto bila kumpiga. Hiyo itangoja. Tangu Jumanne kila nikipita sokoni nasikia nyuma yangu, "Gari ya wamama imeoza." Mmoja anasema imekatika katikati. Mwingine anasema tuliuziwa manjanja yaliyopakwa rangi. Basi nimeona heri niwaeleze yote mimi mwenyewe, kwa kuwa gari ile si yangu wala si ya mama rais. Ni dola 200 za kila mama, mara wamama 42, zilizowekwa kidogo kidogo kwa miaka mitatu katika sanduku lenye funguo tatu. Hesabu mnaijua: dola 8,400. Mwenye kutoa pesa ana haki ya kujua pesa yake inalala wapi.

Mnakumbuka siku ilipofika. Watoto waliikimbilia tangu njiani. Basi dogo jeupe, viti bado vimefunikwa nailoni, harufu ya upya ndani, na saa ya kilometa inaonyesha 58,000 tu. Karatasi zilisema ina umri wa miaka minne. Ilitoka Japani kwa meli, ikashuka Dar es Salaam, ikavuka Tanzania na Burundi, ikaingia kwetu kupitia Kavimvira, halafu ikashuka na barabara ya ziwa mpaka hapa. Mama mmoja aliimwagia unga kidogo kwenye boneti, tukaimba. Sisi wote tuliizunguka, tukafungua milango, tukapiga honi, tukakaa kwenye viti. Hakuna hata mmoja aliyeinama kuangalia chini. Nami nilikuwapo, na nilikuwa nimevaa kikwembe kipya, sikutaka kukichafua.

Miezi kumi baadaye, Alhamisi, gari inateremka kutoka Fizi. Ndani kulikuwa na watu 13, na kati yao binti mmoja mwenye mimba ya miezi minane aliyekuwa anashuka kulala kwa shangazi yake karibu na hospitali. Kwenye mteremko wa pili shofere akasikia kishindo nyuma, akafikiri ni jiwe. Kumbe ni gurudumu la akiba, lile linaloning'inia chini ya gari. Chuma kinacholishikilia kilikatika, likaanguka, likampita shofere mwenyewe kwa kasi, likaruka ukingo na kuingia katika shamba la muhogo. Namshukuru Mungu kwamba mwenye shamba alikuwa amekwenda kuteka maji.

Shofere alisimama, akalala chini aone kimekatika nini. Alipoinuka hakusema neno. Alileta gari polepole mpaka Baraka, akaja moja kwa moja shuleni kwangu, akaniita nje ya darasa: "Madamu, njoo uone kitu."

Ndugu zangu, nimelala chini ya gari kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, na nilichokiona ni chuma chenye magome kama mti mzee. Ukigusa, kipande kinabaki mkononi, chekundu, chepesi, kinasagika kama biskuti. Juu ya gari hakuna hata mkwaruzo. Chini ungesema imezama ziwani tangu enzi za Wabelgiji.

Mkutano wa Jumamosi ile mnaujua, wengine mlikuwapo. Sitaurudia wote. Mama mweka hazina alilia, kwa sababu yeye ndiye alikwenda Uvira kuichagua, na kuna waliomwambia maneno ambayo hayasemwi mbele ya watu. Wengine wakamgeukia shofere. Mimi nilinyamaza, na nitawaeleza kwa nini.

Kwanza tuelewe kutu ni nini. Mwaka uliopita na watoto wa darasa la tano tulifanya jaribio dogo ambalo hata wewe unaweza kulifanya jikoni. Tulichukua misumari minne ya kawaida, myeusi, si ile iliyopakwa zinki kwa ajili ya manjanja, na chupa nne za kioo. Msumari wa kwanza tuliuacha katika chupa kavu, tukafunga. Wa pili tuliuweka katika maji yaliyochemshwa sana, tukamwaga mafuta juu ili hewa isiingie. Wa tatu katika maji ya ziwa. Wa nne katika maji yale yale ya ziwa pamoja na kijiko kimoja cha chumvi. Baada ya juma moja wa kwanza ulikuwa safi, wa pili karibu safi, wa tatu umeanza kuwa wa kahawia, na wa nne ulikuwa umechafua maji yote, rangi ya matope ya mvua. Mtoto mmoja wa nyuma, ambaye kwa hesabu ananisumbua, alisema: "Madamu, kumbe maji peke yake hayali chuma, na hewa peke yake haili. Wanakula wakiwa wawili. Na chumvi ndiyo inawapikia." Nilimpa 10 kwa 10.

Ndivyo ilivyo. Chuma kinataka maji na hewa pamoja ili kishike kutu, na chumvi inaharakisha kazi hiyo mara nyingi. Tena chumvi ina tabia moja mbaya: inavuta unyevu. Mahali palipoingia chumvi hapakauki vizuri, hata jua likiwaka. Mnaijua tabia hiyo kwenye kikopo cha chumvi jikoni wakati wa mvua. Na kutu ikishaanza inavimba, inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, inainua rangi, inafungua njia, maji yanaingia ndani zaidi. Ndiyo maana huioni siku ya kwanza.

Sasa, gari ya miaka minne ilipata wapi chumvi? Sehemu moja ilikuja nayo. Kaskazini mwa Japani, kule Hokkaido na mikoa jirani, theluji inaanguka sana, na watu wa barabara wanamwaga chumvi njiani ili barafu iyeyuke na magari yasiteleze. Ulaya na Marekani wanafanya vilevile. Chumvi hiyo inarushwa na mipira ya gari, inaingia katika kila pembe ya chini, inakaa. Gari za kusini zenye joto haziteseki hivyo. Karatasi zinakuambia mwaka na kilometa, hazikuambii gari ilikaa wapi majira ya baridi. Halafu inapanda meli, inakaa majuma baharini na bandarini, na hewa ya bahari nayo ina chumvi.

Msifikiri basi kwamba ni sisi tu watu wa mbali tunaopata hasara hii. Mwaka 2016 huko Marekani kampuni ya Toyota ilikubali kumaliza kesi ya wenye magari aina ya Tacoma, Tundra na Sequoia ambayo shasi zake zilikuwa zinaliwa na kutu kupita kiasi. Ilihusu magari kama milioni moja na nusu, na gharama ilikadiriwa kufika dola bilioni 3.4. Wengine wao walinunua mapya kabisa. Gari yetu si ya aina hizo. Ninalotaka mwone ni kwamba gari kuwa changa si dawa.

Lakini, wamama, sehemu nyingine ya chumvi tuliiweka sisi. Na hapa ndipo niliponyamaza mkutanoni.

Mwezi wa tatu tangu gari ianze kazi, niliona kwenye daftari kwamba inapanda Fizi na kuendelea Lulimba na Misisi ikiwa na viti vitupu asubuhi nyingi. Mimi ndiye niliyesimama nikasema: tubebe samaki. Kule kwenye machimbo watu wana pesa na hawana ziwa. Mlinipigia makofi. Na kweli pesa iliingia, wote mliona mgawo wa Desemba. Tulibeba ndakala kavu, hao hawana shida, lakini tulibeba pia mikebuka ya chumvi, katika vikapu, juu ya sakafu ya gari, nyuma. Maji ya chumvi yalichuruzika safari nzima. Yalipita chini ya zulia, yakatafuta matundu, yakashuka kwenye shasi. Mara mbili kwa juma, miezi saba. Chumvi imevuka ziwa hili tangu zamani za mababu, ile ya Uvinza ng'ambo ya Kigoma, na kila mama wa hapa anajua inavyofanya kwenye kisu akikiacha juu ya samaki usiku mmoja. Mimi najua. Nafundisha jambo hilo darasani kwa misumari. Na sikufikiria gari.

Nimeyasema haya mbele ya kamati na sasa nayaandika, ili mama mweka hazina aache kubeba peke yake.

La tatu ni ziwa lenyewe. Maji ya Tanganyika si ya chumvi kama bahari, hata tunayanywa. Kosa letu ni namna ya kuosha. Vijana wanaingiza gari majini mpaka nusu ya mipira, wanasugua juu, wanaimba, wanatoka. Juu panakauka na kung'aa. Chini pamenyweshwa maji na mchanga, na matope ya barabara yaliyoshikamana yanageuka kitambaa cha maji ambacho hakikauki siku tatu. Tangu ziwa lilipoanza kupanda miaka hii, na hasa 2021 na 2024, kuna mahali magari yanapita majini watake wasitake. Na tukumbuke mafuta yanayotoka chini ya gari yanaelea hapo hapo mtoto wako anapoteka maji ya kupikia.

Sasa nisimulie tulivyofanya, maana tulipewa mashauri matatu na mawili yalikuwa mabaya.

Shauri la kwanza lilitoka ndani ya chama. Sitamtaja mama huyo, ni mwenye mapenzi mema na alikuwa anahofia pesa za watoto wake. Alisema: tuipake rangi nyeusi chini, nzito, ing'ae, halafu tuiuze haraka kwa wamama wa mahali pengine kabla habari haijafika. Wengi waliitikia kwa kichwa. Mimi niliwaza wamama wale nao wana sanduku lao lenye funguo tatu. Nao watapandisha binti mwenye mimba. Mama mmoja mzee, ambaye huwa anasinzia mkutanoni, aliuliza tu: "Na sisi tulionunua, mliangalia rangi ya chini?" Shofere akajibu kwamba siku ya kwanza chini palikuwa peusi, pazuri. Nyumba ikanyamaza. Rangi ile nyeusi nzuri ndiyo iliyotudanganya sisi.

Kwa hiyo likaanguka shauri hilo.

La pili lilitoka kwa fundi wa kwanza. Aliangalia dakika kumi, akaomba dola 650, akasema atamwaga mafuta ya vidanje kila mahali na kuchomelea mabamba juu ya sehemu zilizooza. Alipogusa mrija mmoja mwembamba unaopeleka mafuta kwenye freni za nyuma, ukatoa jasho la mafuta. Akasema huo si kitu, atauponda kwa koleo uzibe, gari itabaki na freni tatu. Shofere wetu, ambaye hakumaliza hata shule ya msingi, alimwambia: "Baba, mimi nateremka Fizi na watu." Akachukua ufunguo wa gari, wakaondoka. Nimemwandikia barua ya shukrani kwa niaba ya chama, na naomba wale waliomsema Jumamosi ile wamwombe radhi.

Hapo, wamama, ndipo mwili wangu ulisisimka. Gurudumu la akiba lilikuwa onyo tu. Freni za gari zinafanya kazi kwa mafuta yanayosukumwa katika mirija ya chuma myembamba kuliko kidole, na mirija hiyo inapita huko huko chini kwenye chumvi na matope. Ukipasuka ukiwa kwenye tambarare ya Lulimba, utasimama mbele kidogo. Ukipasuka kwenye mteremko, sijui niandike nini.

Fundi wa pili ni mzee, ana shimo la kushukia chini ya gari lililojengwa kwa matofali, jambo ambalo lilinituliza, maana wengi wanalala chini ya gari iliyoinuliwa kwa kriki peke yake. Mwambieni kila kijana wenu anayejifunza ufundi: kriki inateleza. Gari iwekwe juu ya magogo imara au vyuma vya kuishikilia, magurudumu mengine yazuiwe kwa mawe, ndipo mtu aingie.

Mzee huyu hakutaja bei. Alichukua nyundo ndogo, akaanza kugonga shasi kila shibiri, tangu mbele mpaka nyuma, na kusikiliza, kama mama anayegonga chungu sokoni. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali. Kilichooza kinalia bu, kama boga. Aliniita nisikilize na mwalimu nikawa mwanafunzi. Halafu mahali palipolia vibaya alisukuma ncha ya turnevisi. Karibu kote haikuingia: kutu ilikuwa ya ngozi, chini yake chuma kipo. Mahali pamoja, nyuma upande wa kushoto, hapo hapo chini ya vikapu vya samaki, turnevisi ilizama mpaka mpini. Tundu likabaki, unapitisha vidole viwili. Akasema, "Mama, gari yenu haijafa. Ingepita mvua nyingine mbili, ningewaambia muifanye banda la kuku."

Kazi ilichukua siku tatu, na tulibahatika kuwa kiangazi. Msifanye kazi hii wakati wa mvua, utafungia unyevu ndani ya rangi. Siku ya kwanza ilikuwa ya kuosha tu: maji safi kwa bomba lenye nguvu kutoka chini, kila pembe, mpaka maji yanayotoka hayana rangi, na zulia lote la ndani likatolewa. Tulipolitoa harufu ilijaza kiwanja. Gari ikaachwa milango wazi juani mpaka kesho yake mchana. Mzee alikataa kabisa kugusa brosi kabla haijakauka, ingawa vijana walitaka kumaliza.

Kisha brosi ya nyuzi za chuma na karatasi ya msasa. Magome yote yatoke, mpaka uone chuma chenyewe au kutu nyembamba iliyoshika sana. Vijana walifunga macho kwa miwani na pua kwa kitambaa, maana vumbi lile si la kuvuta. Hii ndiyo kazi yenyewe, wamama, saa baada ya saa, na ndiyo ambayo mafundi wengi wanairuka. Rangi juu ya gome ni kikwembe juu ya kidonda. Kutu inaendelea chini yake, sasa imefichwa. Pale palipobaki wekundu usiotoka alipaka dawa ya maji ambayo inabadilisha kutu kuwa nyeusi na ngumu, tuliagiza chupa moja Uvira. Ni kali, inataka glovu.

Sehemu iliyooza aliikata yote mpaka akafika kwenye chuma kizima, akachomelea bamba jipya lenye unene ule ule. Hakuweka kiraka juu ya uozo. Kabla ya kuwasha moto alitoa waya za batri, akashusha tangi la mafuta na kulipeleka mbali, akaweka mchanga na ndoo ya maji karibu. Kama fundi wako anachomelea na tangi lipo mahali pake, chukua mtoto wako uondoke uwanjani.

Mirija miwili ya freni ikabadilishwa mizima, mafuta yake mapya, hewa ikatolewa. Halafu rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ile inayopakwa milango ya chuma kabla ya rangi nyingine, mara mbili, kila mara ikauke. Juu yake rangi nyeusi nzito ya lami inayostahimili mawe ya njiani. Ndiyo, ni nyeusi ile ile iliyotudanganya, tofauti iko chini yake. Ndani ya shasi, ambamo ni kama mfupa wenye uwazi na brosi haifiki, alipuliza mafuta mazito mapya kwa bomba dogo. Na hakupaka kila kitu kwa furaha: alifunika kwa karatasi diski za freni, mipira laini, waya, na bomba la moshi ambalo likipata moto linawaka rangi. Matundu madogo ya kutolea maji, chini ya milango na pembeni, aliyazibua kwa waya, hakuyaziba. Mawili yalikuwa yamejaa magamba ya samaki. Nayo ni yetu.

Hesabu, kwa kuwa mtaiuliza: mirija ya freni na mafuta yake dola 38, bamba na kuchomelea 45, rangi nyekundu 16, rangi ya lami 22, brosi, msasa na dawa 7, mnyororo mpya wa gurudumu la akiba 12, kazi ya mzee na vijana wake 40. Jumla 180. Ongezeni siku tisa ambazo gari haikuingiza kitu. Karatasi zote ziko katika sanduku, mama mwenye ufunguo wa pili atawaonyesha.

Sasa maswali mliyoniletea. Wengi mmeuliza juu ya mafuta ya vidanje, kwa sababu ni ya bure na kila mtu anayatumia. Ni kweli mafuta yanazuia maji. Lakini yale yameshachafuka, yana vitu vibaya kwa ngozi ya mwenye kuyapaka, yanalainisha na kuharibu mipira ya chini, yanadondoka barabarani na mvua inayapeleka ziwani. Tena yanashika vumbi, na vumbi linashika unyevu. Mimi sitaki. Mama mmoja wa Sebele ameuliza, kwa nini tusipake mawese, tunayo mengi? Nilicheka, halafu nikaona ni swali la akili, maana hata katika jaribio letu mafuta yalizuia hewa. Lakini mawese yetu yana maji kidogo na uchachu ndani yake, na yakikaa uchachu unaongezeka. Uchachu unakula chuma. Tena panya wa Baraka wangetushukuru. Mawese tuuze.

Na ninyi wa kikundi cha Misisi mlioandika kwamba mnataka kununua gari yenu mwaka ujao: nendeni na tochi, mkeka na kikwembe cha zamani. Laleni chini kabla ya kukaa kwenye viti. Tazameni mirija ya freni, mahali pa gurudumu la akiba, ndani ya matao ya mipira, na vichwa vya bulo, maana bulo haidanganyi, ikiwa imekuwa duara kama peremende kutu imeila muda mrefu. Gongeni. Inueni zulia na munuse. Vuteni mkanda wa kiti mpaka mwisho muone kama una mstari wa maji. Chukueni sumaku ndogo ya spika iliyokufa na mpitishe chini ya milango, isiposhika hapo kuna mastiki, si chuma. Na mkikuta gari ya miaka kadhaa imepakwa nyeusi mpya chini, muulizeni muuzaji awakwangulie kiganja kimoja. Akikasirika, mmeshajibiwa. Mlipeni fundi wenu mwenyewe aende nanyi, si fundi wa muuzaji. Sisi tulihifadhi nauli ya fundi, dola 25 hivi kwenda na kurudi Uvira.

Kuhusu samaki, kamati imekaa Jumatatu. Kulikuwa na waliotaka samaki waondolewe kabisa garini, na mimi nilikuwa mmoja wao, kwa aibu labda. Nimeshindwa kwa kura, na nadhani wamenishinda vizuri, maana mgawo wa Desemba ulilipa minerval ya watoto wengi. Mikebuka ya chumvi itapanda katika beseni za plastiki zenye vifuniko tu, juu ya nailoni nzito, na mwenye kikapu kinachochuruzika anarudishwa hata kama ni mama rais. Ndakala kavu kama kawaida. Kila baada ya safari ya samaki sakafu inamwagiwa maji safi, bido mbili za lita 20, na milango inaachwa wazi mpaka pakauke. Gari haiingii ziwani tena. Itaoshwa penye mawe nyuma ya ofisi, kutoka chini kwenda juu, na vijana wapewe faranga zao zile zile wasione tumewanyima kazi.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi shofere na wamama wawili wataangalia chini kwa tochi na kuandika katika daftari la kurasa 48 ambalo nimelitoa mimi. Zamu ya kwanza ni yangu na mama mweka hazina. Tutaanza saa mbili asubuhi kwa yule mzee mwenye shimo. Pale kushoto penye bamba jipya nataka paangaliwe vizuri, kwa kuwa ndani ya shasi hapo hatukuona mpaka mwisho, na mzee amesema atagonga tena baada ya mvua za kwanza. Anayetaka kuja aje, shimo linatosha watu watatu. Buletini za watoto, juma lijalo.